Tusimvike Mbwa Uongo

Uko uongo mmoja ambao umeanza kuzoeleka miongoni mwetu sisi Wakristo wa Kiswahili tunaoishi Marekani, na kwa kuwa umezoeleka hausikiki tena ukiitwa dhambi. Ni uongo wa kununua kizibao chenye maandishi ya "mbwa wa huduma", kumvika mbwa wa kufugwa nyumbani, kisha kuingia naye dukani, mkahawani, hotelini au hospitalini kana kwamba amefunzwa kumsaidia mtu mwenye ulemavu. Wengine hawanunui kizibao. Wananunua cheti mtandaoni, au barua ya mtaalamu ambaye hajawahi kukaa nao hata dakika kumi, ili mwenye nyumba asiwatoze ada ya kufuga mnyama. Ukiuliza, unajibiwa kwa kicheko: "Hapa kila mtu anafanya hivyo."

Tunaandika kuupinga uongo huo, na tunaandika waziwazi.

Hatuandiki kwa sababu tunachukia mbwa. Wengi wetu tulikolelewa, mbwa hakuingia ndani. Alilala nje, kazi yake ilikuwa kulinda boma, na mgeni alipiga hodi akiwa mbali mpaka mbwa afungwe. Watoto wetu waliozaliwa huku wamekua tofauti. Kwao mbwa ni rafiki, ana jina, ana kitanda chake, na akiugua wanalia. Hilo si kosa. Kitabu cha Mithali kinamhesabu mtu anayemjali mnyama wake kuwa mwenye haki. Kwa hiyo ugomvi wetu si na mbwa, wala si na mtoto anayempenda. Ugomvi wetu ni na mtu mzima aliyeokoka, anayejua kusoma, anayemvika mnyama asiye na hatia maneno yasiyo ya kweli, kisha anamtembeza mbele za watu.

Ili tuuone ubaya wa kitu cha bandia, kwanza tukijue kile cha kweli.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza askari wengi wa Ujerumani walirudi nyumbani wamepofuka, na mwaka 1916 shule ya kuwafunza mbwa wa kuwaongoza ilifunguliwa katika mji wa Oldenburg. Mwaka 1927 mama mmoja Mmarekani, Dorothy Harrison Eustis, aliyekuwa akifunza mbwa nchini Uswisi, aliandika juu ya kazi hiyo katika gazeti la Saturday Evening Post. Habari hizo zilimfikia Morris Frank, kijana asiyeona wa Nashville, Tennessee, naye akamwandikia barua mama huyo akiomba msaada kwa ajili yake na kwa wasioona wengine. Mwaka 1928 alivuka bahari mpaka Uswisi, akafunzwa pamoja na mbwa jike aliyeitwa Buddy. Aliporudi New York alivuka barabara yenye msongamano mkubwa wa magari, waandishi wa habari wakimtazama, akimfuata mbwa wake tu. Mwaka uliofuata, 1929, ikaanzishwa shule iitwayo The Seeing Eye, ambayo ipo mpaka leo katika jimbo la New Jersey. Jina la shule hiyo, maana yake jicho linaloona, lilitoka katika Biblia, Mithali 20:12, mstari unaotukumbusha kwamba kusikia kwa sikio na kuona kwa jicho ni kazi ya mikono ya Bwana.

Tazameni basi. Tangu mwanzo Neno la Mungu lilikuwa limeandikwa mlangoni pa kazi hii. Anayeichezea anachezea kitu ambacho watu walikianza wakimtaja Mungu.

Na mbwa mwenyewe hatengenezwi kwa kizibao. Akiwa mdogo, wa majuma nane hivi, hupelekwa kulelewa na familia iliyojitolea. Familia hiyo humkuza zaidi ya mwaka mzima, ikimzoesha ngazi, mabasi, kelele na makundi ya watu, ikijua wazi kwamba siku moja itamtoa na kumkabidhi mtu mwingine. Baada ya hapo hufunzwa kwa miezi na walimu wenye ujuzi, na si wote wanaofaulu. Anayefaulu amejifunza kusimama ukingoni mwa barabara, kuzunguka shimo, kupita chini ya meza yenye makombo bila kuyagusa, na kutowajali mbwa wengine. Tena amejifunza jambo ambalo hata wanadamu wengi linatushinda: kukataa amri mbaya. Bwana wake akisema "twende" na gari linakuja, mbwa huyo hasogei, kwa sababu amefunzwa kwamba uhai wa mtu ni mkubwa kuliko amri. Gharama ya kumfikisha hapo ni makumi ya maelfu ya dola. Shule nyingi huwapa wasioona mbwa hao bure au kwa mchango mdogo tu, kwa kuwa watu wengine wametoa sadaka.

Si wasioona peke yao wanaohudumiwa. Wako mbwa wanaomgusa kiziwi mlango unapogongwa au mtoto anapolia. Wako wanaomtahadharisha mwenye kisukari kwamba sukari imeshuka, wanaokaa na mwenye kifafa mpaka arudiwe na fahamu, na wanaomwamsha askari mstaafu anapopiga kelele usingizini kwa jinamizi la vita. Kwa hiyo ulemavu mwingine hauonekani kwa macho, nasi tutalirudia neno hili hapo mbele.

Sasa kuhusu sheria. Tarehe 26 Julai 1990 Rais George H. W. Bush alitia saini sheria ya haki za Wamarekani wenye ulemavu. Kanuni zake zilizoanza kutumika Machi 2011 zinasema mbwa wa huduma ni mbwa aliyefunzwa kufanya kazi maalumu kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu, kazi inayohusiana na ulemavu wake. Mbwa ambaye faida yake ni kukaa karibu tu na kumfariji mtu hahesabiwi humo. Mwenye duka au mkahawa akiwa na shaka anaruhusiwa maswali mawili tu. La kwanza: Je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu? La pili: Amefunzwa kufanya kazi gani? Haruhusiwi kuuliza ugonjwa wa mtu. Haruhusiwi kudai cheti, wala kumtaka mbwa aonyeshe kazi yake papo hapo. Hakuna kizibao kinachotakiwa na sheria hiyo, wala hakuna daftari la serikali kuu la kuwaandikisha mbwa hao. Vyeti vyote vinavyouzwa mtandaoni kwa jina la "usajili wa taifa" havina nguvu yoyote mbele ya sheria hiyo. Anayevinunua ametoa fedha zake kununua karatasi.

Kwa nini waliotunga sheria waliacha mlango wazi namna hiyo? Hawakuwa wajinga. Walitaka mtu asiyeona aingie dukani kununua mkate kama mtu mwingine yeyote, bila kusimamishwa mlangoni na kukaguliwa karatasi kama mshukiwa. Waliona afadhali kuliamini neno lake. Akisema, "Ndiyo, namhitaji, na kazi yake ni hii," basi apite.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili, na hapo ndipo linapogusa imani yetu. Haki hii yote inasimama juu ya neno la mtu. Nyuma ya neno hilo hakuna muhuri wala askari. Lugha yetu inatumia neno moja, imani, tunapomtegemea Mungu na tunapomwamini jirani. Anayevaa uongo huu anaiba imani ya pili, na hatudhani kwamba ile ya kwanza inabaki salama. Bwana wetu alitufundisha katika Mathayo 5 kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo, na siyo yetu iwe siyo. Hapa Marekani liko swali moja la kila siku, linaloulizwa mlangoni pa duka, ambalo mtu hulijibu kwa ndiyo tupu na kuaminiwa. Mkristo akishindwa kusema kweli pale, atasema wapi?

Wengine watatujibu: "Lakini hakuna anayeumia." Tunasema wapo wanaoumia, nao wana majina na nyuso.

Anaumia asiyeona. Mbwa wa nyumbani ambaye hakufunzwa, akiingizwa katikati ya watu na mikokoteni ya duka, huogopa, hubweka, na pengine huruka kumshambulia mbwa mwongozaji aliyetulia kazini. Jeraha la mwili hupona. Lakini mbwa mwongozaji aliyeshambuliwa anaweza kuanza kuogopa mbwa wengine, na mbwa mwenye hofu hawezi tena kumvusha mtu barabara. Wako waliolazimika kustaafishwa kwa sababu ya shambulio moja. Kazi ya miaka miwili, sadaka za watu wengi na macho ya mtu mmoja vimepotea mchana mmoja, kwa sababu mtu fulani hakutaka kumwacha mbwa wake nyumbani.

Anaumia pia yule ambaye ulemavu wake hauonekani. Kila kizibao cha uongo kinachochafua sakafu ya duka kinamfanya mwenye duka amtazame kwa jicho baya anayefuata. Samaki mmoja akioza, wameoza wote. Sisi wageni katika nchi hii tunaujua uchungu wa methali hiyo kuliko wengi. Mmoja wetu akighushi karatasi, sote tunakaguliwa. Tunalalamika, na tunalalamika kwa haki. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Basi tusiwachome wenzetu wenye ulemavu kwa mkuki uleule tunaoulilia.

Tena wanaumia ndugu zetu wenyewe. Hesabuni ni wangapi katika ushirika wetu wanaendesha teksi, wanahudumia mikahawani, wanasimama mapokezi ya hoteli, au wanatunza wazee na wagonjwa. Hao ndio wanaokutana na mbwa mlangoni. Sheria inamwambia dereva kwamba hofu ya mbwa au mzio si sababu ya kumkataa abiria mwenye mbwa wa huduma, na akimkataa anaweza kupoteza kazi. Ndugu yetu huyo alikua akiogopa mbwa tangu utoto. Anajitahidi, anamkaribisha abiria, kisha anabaki kuosha kiti kilichokojolewa na mbwa wa bandia. Juma linalofuata anasimama mbele yake mtu asiyeona kweli, na dereva anaondoa gari. Wasioona wamelia kwa miaka mingi juu ya kuachwa kandokando ya barabara namna hiyo. Hatumtetei dereva. Anatenda kosa, tena kosa kubwa. Lakini aliyemfundisha kutoamini ni nani? Walawi 19:14 inakataza kuweka kitu cha kumkwaza mbele ya kipofu. Sisi tulidhani kikwazo ni jiwe au gogo. Kumbe hata mbwa aliyevishwa uongo ni kikwazo.

Wengine watasema: "Mashirika ya ndege ni tajiri, wenye nyumba wanatunyonya. Tunajitetea tu." Tunajua kodi za nyumba zilivyo, na tunajua ada inayotozwa kwa mbwa kila mwezi haina huruma. Mwenye nyumba anayewaonea wapangaji atajibu mbele za Mungu. Lakini hebu tazameni nani alilipa katika habari ya ndege. Kwa miaka kadhaa sheria ililazimu mashirika ya ndege kupokea wanyama wa faraja bila malipo, na watu wakaligeuza jambo hilo kuwa mchezo. Mwezi wa Januari 2018, katika uwanja wa ndege wa Newark, abiria mmoja alifika na tausi. Kila mtu alicheka. Lakini mwisho wa kicheko, tangu tarehe 11 Januari 2021, kanuni mpya ziliyaruhusu mashirika hayo kuwakataa wanyama wa faraja wote, na kumdai hata mwenye mbwa wa huduma wa kweli ajaze fomu za serikali kuhusu afya, tabia na mafunzo ya mbwa wake. Tajiri hakupoteza kitu. Aliyepoteza ni mgonjwa aliyekuwa akisafiri na faraja yake kwa uaminifu, na asiyeona ambaye sasa anajaza karatasi ambazo hakuzijaza zamani. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ushuru wake hulipwa na wengine wanaopita nyuma yake.

Wengine watasema kwa upole zaidi: "Mbwa wangu ananifariji kweli. Nina huzuni, niko peke yangu, usiku silali." Ndugu, dada, tunakuamini, wala hatukudharau. Upweke wa nchi hii tunaujua. Kuna mtu anafanya kazi zamu mbili, hana mama wala shangazi wa kumwuliza umeamkaje, na kiumbe pekee kinachofurahi akifungua mlango ni mbwa. Mungu aliweza kumlisha Eliya kwa kunguru. Hashindwi kukufariji kwa mbwa. Lakini kitu cha kweli hakihitaji jina la uongo. Kama una ugonjwa wa moyo ulioinama, yaani wa akili na hisia, nenda kwa daktari anayekujua, sema naye kweli. Sheria za makazi za nchi hii zinamtambua hata mnyama wa faraja asiye na mafunzo maalumu, pale ambapo mtu ana ulemavu na anamhitaji mnyama huyo kwa kweli, na hapo mwenye nyumba hapaswi kumtoza ada ya mnyama. Njia hiyo ni halali, ipo, na hakuna aibu kuipita. Lakini kuwa na haki ya kukaa naye nyumbani hakukupi ruhusa ya kumwingiza mkahawani na kumwita asivyo. Na kama humwugulii lolote, unampenda tu, basi lipa ada au mwache nyumbani, na ubaki na neno lako safi.

Tusisahau pia kwamba majimbo mengi yameutangaza uongo huu kuwa kosa la jinai. Katika California anayejifanya mwenye mbwa wa huduma anaweza kufungwa mpaka miezi sita na kutozwa mpaka dola 1,000. Florida ilipitisha sheria yake mwaka 2015, ikiwa na adhabu ya saa 30 za kutumikia jamii. Texas tangu Septemba 2023 imepandisha faini yake mpaka dola 1,000, pamoja na saa 30 za kazi ya namna hiyo. Kwa mgeni ambaye bado anasubiri karatasi zake za ukaazi, kesi ya jinai si jambo la kucheza nalo. Lakini hatutaki mtu aache kwa kuogopa faini. Akiacha kwa kuogopa faini, atarudia faini ikisahauliwa.

Iko habari katika Biblia inayofanana na hii kuliko zote. Mwanzo 27 inatuonyesha Isaka mzee, macho yake yamefifia, hawezi kuona. Mwanawe Yakobo anataka baraka iliyowekwa kwa mwingine. Mama yake anachukua ngozi za wana-mbuzi, anamvika mikononi na shingoni, ili baba akipapasa aguse manyoya na kudhani ni Esau. Isaka alikuwa na shaka. Aliisikia sauti, akaona haikubaliani na mikono. Akauliza, kama anavyouliza mwenye duka, na Yakobo akajibu kwa ndiyo ya uongo. Baba asiyeona hakuwa na njia nyingine ila kuliamini neno la mtoto wake.

Hivyo ndivyo kizibao kinavyofanya kazi. Ni ngozi ya kuvaa ili kupata fungu la mwingine, na anayedanganywa ni yule asiye na njia ila kutuamini. Wala tusiseme Yakobo alifanikiwa. Alikimbia nyumbani kwao, na Biblia haituonyeshi kwamba alimwona mama yake tena. Labani akamdanganya gizani kwa kumpa Lea badala ya Raheli. Akiwa mzee, wanawe mwenyewe wakachovya kanzu ya Yusufu katika damu ya mbuzi na kumletea. Aliyemdanganya baba kwa ngozi ya mbuzi alidanganywa na wanawe kwa damu ya mbuzi. Wazazi, mlisikie hilo. Mtoto aliyeketi nyuma ya gari akikuona unamfunga mbwa kizibao kabla ya kuingia dukani, amejifunza katechisimu yako ya kweli. Usimshangae miaka kumi baadaye.

Sasa tunageukia upande wa pili, maana upanga huu una makali mawili. Wako wanaosikia habari za udanganyifu huu na kusema, "Basi kila mwenye mbwa aonyeshe kitambulisho." Wako wanaomkazia macho mama kijana mwenye mbwa na kunong'ona, "Mbona anaona vizuri tu?" Hilo nalo tunalikataa. Tumekwisha kusema kwamba kifafa hakionekani usoni, wala sukari, wala jinamizi la askari. Kumlazimisha mwenye ulemavu atembee na ushahidi kwa sababu sisi wazima tumedanganya, ni kumtoza deni letu. Dawa ya uongo si kumshuku mkweli. Dawa yake ni mwongo kuacha. Ukiwa kazini na una shaka, uliza yale maswali mawili kwa adabu, kisha liamini jibu. Mbwa akibweka ovyo na mwenyewe hamtulizi, au akichafua sakafu, sheria inakuruhusu kusema mbwa atoke, hata kama ni mbwa wa huduma wa kweli. Mwenyewe abaki ahudumiwe bila mbwa. Zaidi ya hapo mwachie Mungu.

Na kanisa je? Hapa pana jambo ambalo washirika wengi hawalijui. Sheria ile ya mwaka 1990 iliyaacha nje mashirika ya dini. Duka linalazimishwa kumpokea mbwa wa asiyeona. Kanisa halilazimishwi na sheria hiyo. Mahakama haitatuuliza. Basi atakayetuuliza ni nani? Ni yule aliyesema kwamba tulivyomtendea mmojawapo wa walio wadogo tulimtendea yeye. Itakuwa aibu kubwa mwenye duka, kwa kuogopa serikali, amfungulie asiyeona mlango, halafu mzee wa kanisa, asiyeogopa serikali, amwambie amfunge mbwa nje juani.

Kwa hiyo tunasema neno hili kwa makanisa yetu yote. Mwenye mbwa wa huduma apokewe. Wahudumu wa mlangoni wampe nafasi mwisho wa benchi ili mbwa alale miguuni pake bila kukanyagwa. Watoto wafundishwe shule ya Jumapili kwamba mbwa aliye kazini haguswi, haitwi, wala halishwi biskuti. Mama mwenye kuogopa mbwa asichekwe, akae upande mwingine, na atazoea. Mchungaji akiombwa barua ya kusema mbwa wa fulani ni wa huduma, akatae kwa upendo. Yeye ni shahidi wa Kristo, si daktari. Na mshirika mwenye mbwa wa nyumbani akiulizwa mahali popote, ajibu bila kona: "Huyu ni mbwa wangu tu." Maneno matano. Huenda yakamgharimu ada, au safari, au chakula cha jioni nje. Hayatamgharimu nafsi yake.

Anania na Safira hawakuhukumiwa kwa sababu shamba lilikuwa dogo au kubwa. Petro alimwambia Anania wazi kwamba lilikuwa mali yake, angeweza kubaki nalo. Walihukumiwa kwa kutaka kuitwa wasivyo. Mbwa wako ni wako. Mpende, mlishe, mtembeze, mwombee akiugua ukipenda. Lakini mvue kile kizibao. Mwenye haki nacho yuko mlangoni, ameshika mkanda wa mbwa wake, anangoja kuona kama neno lake bado litaaminiwa.